Sikiliza Kwanza, Picha Baadaye

Ukitaka kumjua shujaa wa katuni aliyesahauliwa, usianze na kitabu chake. Zima taa, unganisha simu na spika ndogo, uanze na sauti, yaani mchezo wake wa zamani wa redio. Mimi ni fundi wa redio hapa Kibokoni, Mombasa, na kila Jumamosi baada ya Isha watoto wa dada yangu hunijia na swali moja: "Mjomba, leo nani?" Nimejaribu kuwaonyesha picha kwanza, nimejaribu kuwasikilizisha kwanza. Wakishaona picha, masikio yao hulala.

Kwa usiku wa kwanza mchukue Blue Beetle, dundu wa buluu. Alizaliwa katunini Agosti 1939: askari polisi Dan Garret, ambaye hupata nguvu kwa vitamini 2X anayopewa na mfamasia, Dokta Franz. Mwaka 1940 akaingizwa redioni mwezi wa Mei, na kufika Septemba kipindi kikawa kimekwisha. Visa vyake vilikatwa sehemu mbili mbili, kila sehemu kama dakika 13, kwa hivyo kisa kizima humalizika kabla kitinda mimba hajasinzia. Rekodi zake zimo kwenye tovuti ya Internet Archive, na vitabu vyake vimo kwenye tovuti ya Digital Comic Museum, bure, kwa kuwa haki zake zilishapita. Pakua mchana. Stima ikipotea usiku, mtabaki kutazamana.

Sehemu ya kwanza ikiisha, simamisha. Wape karatasi na penseli, kila mtu amchore huyo aliyemsikia: ana kimo gani, amevaa nini, anatembeaje. Maneno ni ya Kiingereza cha zamani na wadogo hawayashiki yote, basi waeleze kwa kifupi, lakini usiwaelezee sura. Mpwa wangu wa miaka tisa alimchora Blue Beetle na mbawa ngumu mgongoni, kama dundu wa kweli. Tulipofungua kitabu tukakuta mtu hana mbawa, ana vazi la buluu la vyuma vidogo vidogo lisilopenywa na risasi. Mtoto akasema wake ni mzuri zaidi. Nilikubaliana naye, na mchoro wake nimeubandika ukutani dukani.

Wapo waliokwenda njia nyingine, wakaanza redioni ndipo wakafika kwenye karatasi. The Green Hornet alianza Januari 1936 katika kituo cha WXYZ, Detroit, na kitabu chake kikatoka 1940. Mavu wa kijani huyu ni Britt Reid, mwenye gazeti, na dereva wake ni Kato. Hapa kazi yako ni moja tu: sikiliza ule mvumo wa mavu mwanzoni mwa kipindi, kisha utafute kitabuni. Utaukuta umegeuka herufi. Kwangu mimi hapo ndipo pana uchungu wa jambo lenyewe, kwamba shujaa aliyetengenezwa kwa sauti alihamishwa kwenye karatasi na sauti ikabaki nyuma, na msomaji wa leo anamwona mtu wa barakoa tu. Halafu tunashangaa kwa nini alisahauliwa.

Captain Midnight mpe usiku mzima. Alianza redioni 1938 huko Chicago, rubani tu, hana vazi la ajabu. Kuanzia 1942 kampuni ya Fawcett ikamvisha nguo nyekundu ya kubana na mbawa za kuelea angani. Lakini watoto wa Marekani walimpenda kwa siri za nambari. Waliokunywa Ovaltine, hii hii tunayoijua, walituma kifuniko cha ndani cha kopo na kuletewa kidude cha kufumbulia maandishi. Mwisho wa kipindi zilisomwa nambari, na mwenye kidude akapata dokezo la kesho.

Kidude hicho kitengenezeni wenyewe. Kata miduara miwili ya katoni, mmoja mdogo kuliko mwingine, uitoboe katikati na kuishika kwa pini. Kiswahili kinatusaidia hapa: ukiziondoa Q na X, ambazo hatuna haja nazo, herufi zinabaki 24. Gawa mduara robo nne, kila robo uikate sehemu sita, na kila kipande kinakuwa nyuzi 15 kamili. Juu ya mduara mkubwa andika herufi, juu ya mdogo nambari 1 hadi 24. Mkubaliane A inakaa juu ya nambari ngapi wiki hii, kisha mwisho wa kila Jumamosi wasomee ujumbe mfupi. Mimi huwafichia jina la shujaa ajaye, na hao wanaoniambia kusoma kunawachosha huja asubuhi na jibu.

Kuna mashujaa ambao hawakuwahi kuwa na mchezo wa redio. Hao wape sauti wewe. Nilipokuwa mdogo, mapema miaka ya 1970, kaka yangu alikuwa akileta gazeti la picha la Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika wa kofia na tai ya kipepeo, lililotolewa na watu wa jarida la Drum. Alikaa barazani akatusomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kimvita papo hapo, na kila ngumi aliipigia mlango. Leo ukinionyesha ukurasa wa gazeti lile, nasikia mlango wetu.

Vifaa havihitaji pesa. Vifuu viwili vya nazi juu ya karai la mchanga ni farasi. Watu wa redio walitumia vifuu tangu zamani, ni sisi tu tunaovitupa. Bati likitikiswa ni radi. Makuti makavu ukiyasugua polepole karibu na simu ni moto unaoshika nyumba. Mbuzi ya kukunia nazi, kwa kifuu kitupu, ni mlango mzito wa chuma unaofunguliwa.

Simu ya kurekodia iweke juu ya mto, usiiweke juu ya meza moja na karai. Meza hubeba kishindo, na farasi wako atasikika kama lori la Changamwe.