Bumu limezuiwa? Anzia chuoni, usipande basi la Dar

Wenzako wa chumbani wameshasaini bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Mmoja amerudi na kiroba cha mchele, mwingine kajiunga bando la mwezi, na wewe jina halimo. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23, malipo ya siku 60 ni 600,000, na kuikosa hela hiyo katikati ya muhula si jambo la mzaha. Hata hivyo usikimbilie ofisi za Bodi ya Mikopo. Bodi haikujui kwa sura, inakujua kwa jinsi chuo kinavyokutaja. Chuo kisipothibitisha kwamba upo, unasoma, na uko mwaka fulani, hela haitoki hata ukilala getini.

Ukali huo haukuzuka tu. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa wanafunzi hewa vyuoni, na ripoti za CAG zimewahi kutaja mikopo iliyolipwa kwa watu ambao chuo walishakiacha. Anayeumia sasa ni yule aliyepo kweli, ila karatasi zake hazisemi hivyo.

Hatua ya kwanza, jua umekosa mkopo au umezuiwa. Ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mwombaji mkopo kwenye mtandao wa Bodi, uone umepangiwa nini na kwa mwaka upi. Kama hukupangiwa kitu, hiyo ni habari ya rufaa, na rufaa ina dirisha lake. Kama umepangiwa lakini malipo hayafiki, endelea kusoma. Na kama maombi yako ulijaziwa steshenari, hakikisha namba ya simu na barua pepe iliyomo ni yako. Wako wengi ambao ujumbe wao wote unaingia kwa kijana wa steshenari, naye ameshabadilisha laini.

Pili, tazama usajili wako kwenye mfumo wa chuo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanadhani kuripoti, kupata chumba na kuingia darasani ndiko kusajiliwa. Siko. Fungua ukurasa wako uone kama muhula huu umesomeka kuwa umesajiliwa, na kama masomo ya muhula umeyachagua. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kidogo: bima ya afya, mchango wa serikali ya wanafunzi, au ile sehemu ya ada ambayo mkopo hauifikii. Ukiambiwa lipa ada kwanza na wewe ada yako inalipwa na Bodi, chapisha ukurasa unaoonyesha ulichopangiwa, upeleke uhasibu. Usibishane dirishani kwa mdomo, weka karatasi mezani.

Tatu, linganisha taarifa. Tandika kitandani cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA, kitambulisho cha chuo na kadi ya benki, kisha soma majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa kompyuta. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako mwenyewe na iwe hai.

Angalia zaidi namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mdogo wangu alirudia mtihani, kwa hiyo alikuwa na namba mbili. Mkopo aliuombea kwa ile ya mwanzo, chuo kikamsajili kwa ile ya kurudia. Kwenye orodha ya chuo alikuwa mtu mmoja, kwenye orodha ya malipo mtu mwingine. Alihangaika wiki tatu, kila akienda anaambiwa "subiri awamu ijayo", mpaka mama mmoja wa dawati alipoziweka karatasi mbili pamoja na kuuliza, "Mwanangu, ulirisiti?"

Nne, nenda dawati la mikopo la chuo chako, na ufike asubuhi. Beba nakala za hivyo vyote pamoja na stakabadhi za malipo. Usiseme "sijapata bumu", maana afisa mikopo husikia hiyo kutwa nzima. Sema: "Shikamoo. Nimesajiliwa muhula huu, nimepangiwa mkopo, jina langu halimo kwenye orodha ya kusaini. Naomba kujua limeondolewa kwa sababu gani." Ukiambiwa sababu ni usajili, omba ofisi ya udahili barua ya uthibitisho. Iwe na majina yako kamili, namba ya usajili, namba ya kidato cha nne, kozi, mwaka wa masomo, tarehe, saini na mhuri. Barua inayosema tu "ni mwanafunzi wetu" haitoshi, kwani hata aliyeahirisha masomo ni mwanafunzi wao. Barua ikishatoka, hakikisha afisa mikopo amekuingiza kwenye orodha inayotumwa Bodi, wala isibaki kwenye faili lako tu.

Kwa wanaoendelea, kuna na suala la matokeo. Chuo hupeleka matokeo kuonyesha nani amevuka mwaka. Mwenye sapu (mtihani wa marudio) ambayo haijasahihishwa anaweza kusubiri wakati wenzake wanakula, kwa hiyo fuatilia idara kwanza. Aliyeahirisha mwaka anahitaji barua ya kuahirisha na ya kurejea, zote mbili. Aliyehama chuo au kozi ahakikishe na mkopo umehama, kwani udahili ukihama peke yake hela hubaki njiani.

Orodha ikirekebishwa, kasaini ndani ya siku zilizotangazwa. Fedha isiyosainiwa hurudishwa Bodi, na kuirudisha tena kwako ni safari nyingine. Penye kusaini kwa alama ya kidole, nawa mikono kwanza. Vidole vilivyobeba zege likizo nzima hugoma kusomeka.

Yeyote atakayekuomba "ya soda" ili akusukumie jina, au nywila ya akaunti yako, mpite. Chuo kikikwama kabisa ndipo uende ofisi ya kanda ya Bodi, ukiwa na nakala ya kila karatasi iliyogongwa mhuri. Kabla hujaondoka dirishani, uliza kama malipo ya nyuma yataingia peke yake au na awamu ijayo, maana mama ntilie anayekukopesha naye atataka tarehe.