Upe Udongo Muda, Utainywa Mvua

Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, umepokea karibu lita 14,000 za maji. Je, yamezama hapo ulipo, au yameteremka kwa jirani yakibeba udongo wako hadi Mto Nairobi? Kwenye miteremko ya Dagoretti na Waithaka, ambako vishamba vingi vimeinamia vijito, jibu huonekana kwa macho. Mtaro ukipitisha maji mekundu, kuna shamba linaloondoka.

Watu husema udongo wetu mwekundu umechoka, haunywi tena. Mimi naona umezibwa mdomo. Kwa asili yake una kina kirefu na hupitisha maji vizuri. Ukiachwa uchi, matone ya mvua huuponda, chembe ndogo huziba vitundu vya juu, na jua likiwaka unabaki na gamba. Chini yake, pale jembe linapoishia kila msimu, hujitengeneza tabaka jingine gumu.

Mimea hufungua hayo yote, ila kwa zamu. Msimu wa kwanza nyasi na matandazo huvunja nguvu ya matone, gamba likakosa nafasi. Msimu wa pili mvua kubwa inakuja, maji bado yanatiririka, na mtu anang'oa ukanda wa nyasi apande sukuma. Huniuma kuliona hilo, kwa sababu kazi ya chini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mizizi huingia, hufa, huoza, na palipokuwa na mzizi hubaki mrija mtupu. Nyungunyungu hufuata masalio hayo na kuchimba njia zao. Mboji hushikamanisha chembe ziwe punje ambazo hazisambaratiki zikilowa. Hiyo ni kazi ya miaka, na tabaka za chini hupona mwisho.

Chimbua donge la ukubwa wa ngumi penye nyasi zilizokaa miaka minne au mitano, ulivunje kwa mikono bila kulikata. Utakuta vitundu, vingine vipana kama njiti ya kiberiti, kuta zake nyeusi kuliko udongo wa pembeni. Dondoshea maji kwenye kimoja uone yanavyotoweka. Donge la mahali panapokanyagwa kila siku huvunjika bapa bapa, na maji hukaa juu yaking'aa.

Usikisie udongo wako unakunywa kiasi gani, pima. Chukua kopo kuukuu la rangi, toa kitako, weka kibao juu yake uligonge hadi lizame sentimita tano. Mimina maji yaishe kwanza, ndipo umimine tena na uhesabu dakika, rula ikiwa ndani ikuonyeshe maji yameshuka milimita ngapi. Maji ya mara ya kwanza hudanganya, hasa kwenye udongo mweusi wa pamba kule Embakasi na Ruai. Wakati wa kiangazi huo hupasuka nyufa zinazomeza maji kwa pupa, kisha ukilowa huvimba na kujifunga. Rudia mahali palepale kila mwaka, msimu uleule, kwenye nyasi, shambani na kwenye njia ya miguu, uandike daftarini. Mvua ya milimita 30 kwa saa ikikutana na udongo unaokunywa milimita 10 kwa saa, milimita 20 zinakimbia.

Kwenye mteremko, panda mistari ya nyasi za vetiva au mabingobingo ikikatiza mteremko, kamwe isiuteremkie. Mabingobingo yakate ulishe ng'ombe, lakini usimfungulie ng'ombe aingie: kwato zake kwenye udongo uliolowa hufunga katika wiki moja kilichofunguliwa kwa mwaka. Kati ya mistari panda njahi, mizizi yake huingia chini sana, na ukivuna kata shina, uache mzizi uozee humo. Mabua yabaki juu ya udongo, usiyachome.

Miti ni mizuri, lakini nayo hunywa. Mikaratusi iweke mbali na kijito na kisima, kwani kupenyeza maji ardhini hakusaidii kisima kama mti unayanyonya yote. Grivelia chache mpakani zinatosha ploti ndogo.

Vipande vya vetiva vitayarishe Septemba, mashimo yawe tayari kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Pima kwa kopo siku hiyohiyo ya kupanda, ili uwe na namba ya kulinganishia mwaka ujao.