Kutoka stoo hadi kuunda tovuti, mwajiri akilipa karo

Nilikuwa karani wa stoo Industrial Area, Nairobi. Ushauri wangu: usimwendee bosi mikono mitupu. Nilijifunza HTML na CSS, lugha za kuunda kurasa za tovuti, bure kwenye freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia programu, usiku baada ya matatu na foleni ya Jogoo Road, kisha nikaunda ukurasa mmoja tu unaoonyesha bidhaa zilizobaki. Madereva wakaacha kunipigia simu kila saa. Bosi mwenyewe akaniita.

Omba vitu vinavyopimika: karo ya kozi, na saa mbili za kusoma ndani ya muda wa kazi kila Jumanne na Alhamisi. Mtajie NITA pia, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri huilipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ila ombi hutangulia kozi. Sisi tulichelewa, tukakosa, na mhasibu wetu hajanisamehe hadi leo.

Mkataba wa kukufunga, yaani ubaki kazini baada ya kozi au urudishe karo, usome polepole. Wangu ulitaka miaka mitatu. Tukavutana hadi mmoja na nusu, deni la karo likipungua kila mwezi ninaobaki.

JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa uwezo wa kutenda, itakutesa, zoea. Kazi zako ziweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, tangu mwanzo, lakini bei na majina ya wateja wa kampuni, kamwe.