Kuomba uanagenzi uliosajiliwa Marekani: pesa ya jimbo iko wapi na uiulizie lini

Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi au makambi ya Tanzania tukifika Marekani tunaanzia kwenye ghala au kiwanda cha nyama. Ni kazi halali, lakini fundi aliyejenga nyumba kambini Nyarugusu miaka 10 hastahili kufunga maboksi mpaka azeeke. Kuna njia ya kurudi kwenye ufundi wako huku unalipwa. Inaitwa uanagenzi uliosajiliwa: unaajiriwa, unafundishwa na fundi mzoefu, unakwenda darasani, mshahara unapanda kwa ngazi, na mwisho unapewa cheti kinachotambulika nchi nzima. Wisconsin ilianza kuusimamia kisheria mwaka 1911, na sheria ya nchi nzima ikaja 1937. Mpango wa kawaida hauwi chini ya saa 2,000 za kazi, na darasani hupendekezwa saa 144 kwa mwaka. Umeme na bomba huchukua miaka minne au mitano.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa pesa inavyotembea, maana hapa ndipo watu wetu wanapopoteza. Serikali ya jimbo haikuandikii hundi wewe. Pesa inapitia kwa mwajiri, chuo, au kituo cha ajira. Illinois imekuwa ikimpunguzia mwajiri kodi hadi dola 3,500 kwa kila mwanagenzi kufidia gharama za masomo. Washington huwapunguzia wanagenzi nusu ya karo katika vyuo vyake vya jamii. Texas hulipia sehemu ya masomo ya darasani kupitia Texas Workforce Commission, idara yake ya kazi. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini ni hili: "Mpango huu unapata msaada gani wa jimbo, na mimi gharama gani zinanibakia?"

Hatua ya kwanza: tafuta mpango. Ingia tovuti ya serikali, Apprenticeship.gov, andika kazi unayotaka na mji wako. Karibu nusu ya majimbo yana ofisi zao za kusajili mipango hii. Kwingine anasajili ofisa wa shirikisho. Piga simu uhakikishe mpango umesajiliwa kweli. Ada ndogo ya maombi au ya mtihani inaweza kuwepo, lakini mtu anayetaka mamia ya dola "akuunganishe" mkimbie.

Hatua ya pili: panga karatasi. Unahitaji uthibitisho wa ruhusa ya kufanya kazi, kadi ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii), na mara nyingi leseni ya udereva. Sheria inaanzia miaka 16, ila mipango mingi ya ujenzi inataka 18. Mipango mingi inadai diploma ya sekondari au GED, mtihani unaochukuliwa sawa na diploma hiyo. Kama una diploma ya Taifa ya Kongo, uliza kwanza wanakubali tathmini ya diploma kutoka shirika gani, ndipo ulipie. Kisha weka karatasi zote mezani, uzisome moja moja. Je, jina la ukoo limekaa mahali pale pale kwenye kila karatasi? Je, umeandikwa umezaliwa 1 Januari kwenye I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani) na Agosti kwenye cheti cha shule? Rekebisha sasa, kabla hujawasilisha maombi.

Hatua ya tatu, na hii naisisitiza kuliko zote: nenda American Job Center, yaani kituo cha ajira cha eneo lako, KABLA ya kusaini mkataba wowote. Sema unataka kuandikishwa kwenye WIOA, sheria ya 2014 inayoyapa majimbo pesa za mafunzo. Ukikubaliwa, wanaweza kukusaidia karo, vifaa, viatu vya kazi, nauli, hata malezi ya watoto, na kumrudishia mwajiri sehemu ya mshahara wako, kwa kawaida hadi nusu, wakati unajifunza. Ukienda baada ya kununua vifaa kwa pesa yako, usitegemee kurudishiwa. Mwanamume wa miaka 18 hadi 25 ahakikishe yumo kwenye Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, hata kama ni mkimbizi. Asipokuwemo atakwama hapo. Na omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtoe mtoto shuleni aje kukutafsiria mambo ya pesa.

Hatua ya nne: mtihani na usaili. Umeme wana hesabu za aljebra na ufahamu wa kusoma. Sisi tuliozoea mita na sentimita tuna kazi ya ziada: nunua tepu ya inchi, kaa nayo sebuleni, pima meza, mlango, dirisha, mpaka 5/8 na 11/16 zisikubabaishe. Kwenye usaili eleza kazi ulizofanya kwa vitendo: ulichanganya zege, ulivuta nyaya, ulisimamia vijana wangapi. Peleka picha na barua kama zipo, kisha uliza kuhusu kuhesabiwa uzoefu wako wa awali. Kanuni zinaitaka mipango iwe na utaratibu huo, na ukikubaliwa unaanzia ngazi ya juu zaidi yenye mshahara mkubwa zaidi.

Hatua ya tano: mkataba. Tafuta ndani yake jumla ya saa, ngazi za mshahara, nani analipia darasa, na muda wa majaribio, ambao hauruhusiwi kuzidi mwaka mmoja au robo ya mafunzo, wowote ulio mfupi. Ukinyimwa nafasi kwa sababu ya asili yako, una siku 300 za kulalamika.

Ukishasajiliwa, chukua nakala yako ya mkataba, upeleke nyingine chuoni na kwenye kituo cha ajira, kwa kuwa ndiyo inayokufungulia punguzo na msaada. Na kila jioni, kabla ya kuvua viatu, andika saa zako: tatu kukunja mabomba, tano kuvuta nyaya, sahihi ya msimamizi. Saa isiyoandikwa ni vigumu kuidai baadaye.