Biskuti za kakao zenye krimu katikati: somo zima, na namna ya kujua zimeiva

Salaam wapendwa. Tangu Ramadhani nimejibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja: "Mama Zahara, zile biskuti nyeusi zenye krimu nyeupe unazipikaje?" Leo naandika mara moja, kwa vipimo, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa. Niko Bombo, Uganda. Napika kwa oveni ndogo ya umeme, na yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zikiisha au umeme ukiondoka nahamia kwenye sigiri, yaani jiko la makaa. Nitaeleza njia zote mbili.

Utapata jozi 25 hivi, kila biskuti upana wa sentimita 5.

Vya biskuti: unga wa ngano gramu 200 (usiwe ule uliotiwa hamira tayari), kakao gramu 50, sukari ya unga gramu 130, siagi gramu 140, kiini cha yai 1, maziwa baridi kijiko kikubwa 1, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko cha chai 1, na magadi soda robo kijiko cha chai AU bekingi pauda nusu kijiko cha chai. Kwa nini "au", nitasema sasa hivi.

Vya krimu: siagi gramu 50, Kimbo (mafuta magumu ya kupikia) gramu 50, sukari ya unga gramu 220, vanila kijiko cha chai 1, chumvi kidogo sana.

Kama huna mizani, azima. Vikombe vya nyumbani havilingani.

Kakao kwanza. Madukani kuna aina mbili. Ya asili ina uchachu na rangi ya kahawia nyepesi. Hiyo ndiyo inayotaka magadi soda, kwa sababu uchachu na magadi vikikutana ndipo hewa inapotoka. Ya pili imeoshwa kwa alkali, ni nyeusi zaidi na haina uchachu. Hiyo itie bekingi pauda. Ukiitilia magadi, hakuna kitu cha kuyamaliza na biskuti zinabaki na ladha ya sabuni. Angalia kopo: ukiona E501 au neno alkali, ni ya pili. Kama umenunua ya kupima kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), chukua kijiko, koroga na maji ya uvuguvugu, tia magadi kidogo. Ikitoa povu ni ya asili.

1. Chunga unga, kakao, chumvi na magadi (au bekingi pauda) pamoja. Kakao huwa na vidonge, usiache kuchunga.

2. Changanya siagi laini na sukari mpaka vishikane tu, kisha kiini, maziwa na vanila. Hii si keki, usipige mpaka ipande.

3. Tia unga, kanda kwa vidole mpaka donge lishikane. Mwanzoni litaonekana kavu sana. Usiongeze maziwa. Endelea kukanda, joto la mkono wako litalishikanisha.

4. Sukuma katikati ya kaveera mbili safi, unene wa milimita 4, kisha weka friji dakika 30. Sukuma kwanza ndipo upoze, maana bapa linapoa haraka kuliko donge. Usinyunyize unga mweupe wakati wa kusukuma, utaacha mabaka. Ukitaka kunyunyiza, nyunyiza kakao.

5. Kata kwa kifuniko cha chupa pana au glasi ndogo, toboa kwa uma mara tatu, panga kwenye treya yenye karatasi ya kuokea. Mabaki kusanya, sukuma tena.

6. Kuoka. Hapa nisikilizeni. Oveni nyuzi 170, iwe imeshapata moto, dakika 12 hadi 14. Lakini dakika peke yake zisikutoshe. Biskuti nyeupe tunaijua imeiva kwa ukingo kuwa wa dhahabu. Hii ni nyeusi kabla haijaingia motoni, kwa hiyo rangi haitakuambia kitu. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya jozi 100 za Idi. Treya ya kwanza ilitoka vizuri, umeme ukakatika, nikahamia kwenye sigiri. Nikawa nafunua, naangalia ukingo, naona bado ni ule ule, narudisha. Macho yangu yalikuwa yanasubiri wekundu ambao hauwezi kuonekana. Nilipoonja, ilikuwa chungu kama majivu, na uchungu ule krimu haiufichi. Nilitupa treya mbili nzima na siagi yake, nikaanza upya, adhana ya alfajiri ikanikuta bado nakata. Mwenye Idi alipata biskuti zake, lakini tangu usiku ule siangalii rangi tena.

Sasa natumia pua, jicho na kidole. Pua: dakika za mwanzo unasikia siagi, halafu harufu ya chokoleti inajaa jikoni, hapo simama karibu. Ikianza kuwa kali kama kahawa inayokaangwa, umechelewa, toa upesi. Jicho: uso unaong'aa kwa unyevu ukiwa mbichi, ukiiva mng'ao unapotea wote, hata katikati. Kidole: bonyeza ukingo, uwe mgumu; bonyeza katikati, ibonyee kidogo sana. Usisubiri katikati pawe pagumu ndani ya moto. Itakauka ikipoa.

Na usianze na treya nzima. Oka biskuti moja, ipoze dakika 10, ivunje. Ikilia "ka!" umepata dakika za oveni yako, ziandike ukutani. Ikipinda bila kulia, ongeza dakika moja.

Kwa sigiri: sufuria kubwa, mchanga mkavu sentimita 3 chini, mawe matatu ya kubeba treya, funika, pasha dakika 20. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kwa sababu chini ndiko kunakoungua kwanza. Fanyeni nje. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na inaua.

7. Poza kabisa, saa nzima. Biskuti yenye uvuguvugu inayeyusha krimu.

8. Piga siagi na Kimbo, tia sukari kidogo kidogo, vanila, chumvi. Iwe ngumu kama udongo wa kufinyangia. Hakuna maziwa wala maji. Maji ya krimu yanaingia kwenye biskuti na kesho yake zimelegea.

9. Panga jozi zinazolingana. Finyanga krimu kidonge cha gramu 12, weka katikati, funika, bonyeza huku ukizungusha kidogo mpaka ifike ukingoni. Acha zikae kwenye kopo lililofungwa mpaka asubuhi kabla ya kula. Utaniambia.

MASWALI

Kijana wa Kireka: Nimefuata kila kitu, zimetandaa zikashikana zote kama chapati moja. Hii resipe haifanyi kazi.

Mama Zahara: Ulitia kakao gani?

Kijana wa Kireka: Ile chokoleti ya kunywa, ya kopo.

Mama Zahara: Basi hukufuata kila kitu. Ile sehemu kubwa ni sukari, na sukari ikiyeyuka inatandaa. Nimeandika kakao.

Nnyabo wa Ntinda: Asante mama. Vipimo vya krimu mbona hujaweka?

Mama Zahara: Viko juu, chini ya vya biskuti.

Mama Pacha, Arua: Shikamoo Mama Zahara. Huku kwetu joto ni kali. Nimepeleka shuleni kwa watoto, saa sita mchana krimu imetoka pembeni yote. Nifanye nini?

Mama Zahara: Marahaba mwanangu. Siagi inayeyuka kwa joto la mwili tu, na mchana wa Arua haiko mbali na hapo. Tumia Kimbo gramu 80 na siagi 20. Ladha ya siagi itapungua, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga makavu, usiyakoroge na maji. Ukishajaza, ziweke friji usiku kucha, zitoke baridi asubuhi. Na punguza krimu iwe gramu 9 kwa jozi, ili isipate njia ya kutoka.

Dereva wa Kawempe: Naweza kutumia majarini badala ya siagi? Siagi ni ghali.

Mama Zahara: Unaweza kaka. Majarini nyingi zina chumvi na maji, kwa hiyo acha chumvi, acha na kile kijiko cha maziwa, na friji iwe saa nzima. Biskuti itakuwa nzuri. Kwenye krimu usiitie, rangi inakuwa ya njano na chumvi inasikika.

Dereva wa Kawempe: Na yai lazima?

Mama Zahara: Ukiacha kiini, tia maziwa vijiko viwili badala ya kimoja. Itavunjika kwa urahisi zaidi, basi.

Mzee wa Bweyogerere: Kwa nini mtu ahangaike hivi na dukani zipo tayari?

Mama Zahara: Mzee wangu, zipo, na atakaye anunue. Hapa wapo wanaouza na kulipa karo kwa mikono yao, na wapo wanaotaka mtoto ajue kilichomo. Ninaandika kwa ajili yao.

Binti Jinja: Za Oreo ni nyeusi tii, zangu ni za kahawia. Ulitia rangi?

Mama Zahara: Sikutia. Weusi ule unatokana na kakao iliyooshwa kwa alkali nyingi sana. Ukiipata, changanya nusu kwa nusu na ya kawaida, kwa sababu peke yake ladha ya chokoleti inapungua. Biskuti za namna hii ni za zamani: Oreo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1912, na hata hiyo ilitanguliwa na nyingine inayoitwa Hydrox, ya 1908. Kahawia yako haina kosa.

Mkulima Bundibugyo: Mama, somo zuri. Swali langu: sisi huku tunalima kakao, tunawauzia wanunuzi, halafu unga wake tunaununua kwenye kopo. Naweza kutumia punje zangu mwenyewe?

Mama Zahara: Swali hili nimelisubiri. Unaweza, lakini hutapata unga. Punje ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, kwa hiyo ukiisaga inakuwa uji mzito, siyo vumbi. Unga wa kopo unapatikana kwa kukamua mafuta hayo kwa mashine, kazi ambayo Mholanzi van Houten aliipatia njia mwaka 1828. Wewe tumia huo uji. Chukua punje zilizochachushwa na kukauka vizuri kama za kuuza, ambazo hazijachachushwa ni chungu na hazina harufu. Kaanga kwenye sufuria kwa moto mdogo ukigeuza, dakika 20 hadi 25, mpaka maganda yapasuke. Poza kidogo, menya, pepeta kwa ungo, twanga zikingali na joto, kisha saga tena na ile sukari ya resipe ili iwe laini. Badala ya kakao gramu 50, weka uji gramu 80, na siagi punguza hadi gramu 110, kwa sababu mafuta mengine yameshaingia. Kakao yako ni ya asili, kwa hiyo magadi. Anza na nusu ya vipimo.

Binti Jinja: Na vanila? Za chupa nyingi ni harufu tu ya kiwandani. Mjomba wangu Mukono ana miche ya vanila lakini sisi nyumbani hatutumii pombe, na wanasema lazima iloweke kwenye pombe.

Mama Zahara: Si lazima. Chukua ganda lililotayarishwa kama la kuuza, lipasue kwa urefu, kwangua zile mbegu ndogo nyeusi uzitie kwenye krimu. Ganda lenyewe lifukie kwenye mtungi wa sukari uliofungwa vizuri, wiki mbili. Sukari yote itanukia, isage ndiyo uifanyie krimu. Ganda likikauka, lirudishe kwenye sukari nyingine, bado lina kazi. Mwambie mjomba asivune changa. Ua la vanila linachavushwa kwa mkono moja moja, halafu ganda linahitaji miezi kama tisa mtini. Likivunwa kabla, jasho lake lote linapotea bila harufu.

Nnyabo wa Ntinda: Umeme umekatika zikiwa ndani, dakika ya 8! Nifanyeje?

Mama Zahara: Usifungue mlango. Ziache dakika 10, oveni bado ina moto. Kisha kidole.

Nnyabo wa Ntinda: Zimelia "ka". Asante sana mama.

Mkulima Bundibugyo: Nimerudi. Nimekaanga kilo moja, wanangu wametwanga kwa zamu. Biskuti imekuwa ngumu kidogo kuliko nilivyotarajia, lakini mke wangu amekula nne kabla sijatia krimu.

Mama Zahara: Ugumu ni mafuta ya kakao, yakipoa yanaganda kuliko siagi. Sukuma milimita 3 badala ya 4, na toa dakika moja mapema. Yale maganda uliyopepeta umetupa?

Mkulima Bundibugyo: Bado yako kwenye ungo.

Mama Zahara: Chemsha konzi moja kwenye maji na tangawizi, chuja, tia maziwa. Unywe na hizo biskuti.