Namna ya Kulinda Nidhamu Hangani Bila Kuwaonea Makuruta

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana aliyeteuliwa kuwa kiongozi wa hanga, yaani bweni la makuruta (vijana walio mafunzoni), au wa seksheni, yaani kikundi chao kidogo, katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za magharibi, yaani Bulombora, Kanembwa na Mtabila mkoani Kigoma, na Msange mkoani Tabora, ingawa mkufunzi naye atakuta humu mambo yanayomhusu. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, kambi hizi hupokea vijana waliohitimu kidato cha sita, na wengi wao wamepitia shule za bweni ambako njuka, yaani mwanafunzi mgeni, huwachotea wakubwa maji, huwafulia nguo na huamshwa usiku ili awachekeshe. Desturi hiyo huingia kambini ndani ya tranka pamoja na raba na bukta, kisha huvishwa jina la ukakamavu, na kazi yako ya kwanza ni kuivua jina hilo.

Anza kwa kuijua adhabu halali. Adhabu halali hutolewa na mwenye mamlaka ya kuitoa, kwa kosa linalotajwa mbele ya mkosaji, kwa kipimo kinachojulikana tangu mwanzo, na hufanyika mahali ambapo afisa wa zamu akipita hakuna atakayehitaji kujificha. Kuruta aliyechelewa kwenye paredi akaamriwa kufyeka majani nyuma ya jiko ameadhibiwa. Kuruta yuleyule akiamshwa saa nane za usiku na wenzake akarushwa kichura kati ya vitanda ameonewa, hata kama kosa lake ni la kweli. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha, na haisemi kwamba marufuku hiyo inakoma kwenye geti la kambi. Basi kipimo chepesi cha kutumia papo hapo ni hiki: je, ninaweza kumwendea sajinimeja wa kombania, yaani msimamizi wa nidhamu wa kikosi, asubuhi na kumweleza kwa sauti nilichomfanyia kuruta huyu, hatua kwa hatua? Ukiona kuna hatua ambayo ungeiruka, usiifanye.

Nia njema haitoshi. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya mafunzo ya Parris Island nchini Marekani, Sajenti Matthew McKeon aliiongoza platuni yake, yaani kundi la makuruta aliowafunza, kuingia katika kijito cha Ribbon Creek ili kuwatia adabu makuruta aliowaona wamelegea, na alifanya hivyo bila kibali cha wakubwa wake. Makuruta sita walikufa maji. Hakukusudia kumuua mtu. Alikuwa mkufunzi aliyetaka platuni iliyonyooka, na ndiyo maana kisa hicho kinatuhusu sisi tunaoishi jirani na Ziwa Tanganyika na Mto Malagarasi. Usimpeleke kuruta majini kama adhabu, usiku wala mchana, wala usimpe adhabu yoyote gizani ambayo hakuna mkubwa anayeijua.

Michezo ya vijana ni jambo jingine, na si busara kuifuta yote. Vijana wanaolala katika hanga moja watataniana, na nchi yetu ina mila ya utani inayoheshimika. Wanyamwezi, kwa mfano, wana watani wao miongoni mwa makabila ya njia ya misafara ya zamani iliyounganisha Tabora na pwani. Lakini utani una pande mbili: mtani hutania na hutaniwa, na anayejibu hajibiwi kwa ngumi. Pale ambapo Muha mmoja anachekwa kila jioni kwa lafudhi yake na akijibu anaambiwa hana nidhamu, hapo hapana utani. Tazama pia mikono. Mieleka ya wawili waliokubaliana, kwenye nyasi, mchana, huisha kwa kicheko. Kumvuta mtu kitandani, kumfunga shuka au kumfunika blanketi ili apigwe bila kumwona mpigaji si mchezo hata kama wote wanacheka. Waliosema mzaha mzaha hutumbuka usaha waliyajua mambo ya namna hii, kwa sababu fujo nyingi za hangani huanza na kitu kidogo kama kufichiana raba.

Jua pia nyakati za hatari, kwa maana uonevu una ratiba yake. Wiki ya kwanza ni mbaya, kwa kuwa wageni hawajui nani ana mamlaka na nani anajifanya, hivyo waambie siku ya kwanza kabisa, mbele ya hanga zima, kwamba kuruta hana ruhusa ya kumwadhibu kuruta mwenzake. Wakati wa pili ni baada ya kitu kupotea: sabuni, fedha au simu. Hanga lililoibiwa hutafuta mwizi kwa haraka na humpata aliye mnyonge, si aliyeiba. Kwa hiyo upekuzi ufanywe na wenye mamlaka, tranka kwa tranka, kila mwenye tranka akiwepo. Wakati wa tatu, ambao naona unasahauliwa kuliko yote, ni usiku unaofuata adhabu ya jumla. Platuni nzima ikibingirishwa kwenye vumbi kwa kosa la mmoja aliyedoji, hasira yao haitamwendea afande. Itamwendea yule mmoja, taa zikizimwa. Mkufunzi aliyetoa adhabu hiyo anapaswa kuhakikisha kuna zamu ya watu wawili usiku huo, na wewe mhamishie kuruta huyo kitanda kilicho karibu na cha kwako.

Sasa mwili, maana hapa ndipo watu hufa wakiwa wamesimamiwa na watu wasiokusudia kuua. Mazoezi ya kurudiarudia kupita kiasi, kama kichura na pushapu zisizo na idadi, yanaweza kuvunja nyuzi za misuli, na mabaki yake yakiingia kwenye damu huharibu figo. Dalili zake ni maumivu makali ya misuli, udhaifu na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kuruta mwenye mkojo huo hapelekwi mchakamchaka, anapelekwa zahanati saa hiyohiyo. Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, yumo hatarini zaidi anapokimbizwa bila kupumzika, ilhali siku za kawaida haonekani mgonjwa, na aghalabu yeye mwenyewe hajui. Kuruta aliyeanza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba juani huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Mtoe juani, mvue gwanda, mmwagie maji mengi mwili mzima bila kungoja gari, huku mwingine akikimbilia mganga. Kumlazimisha mtu kunywa maji lita kwa lita nako si mzaha, kwa kuwa maji mengi kwa mkupuo hupunguza chumvi ya damu, ubongo huvimba na mtu huanguka kwa degedege. Neno “anajifanya” lisitoke kinywani mwako kabla ya mganga kumwona.

Jambo la kingono kati ya mkufunzi au kiongozi na kuruta, awe msichana au mvulana, kamwe haliwi sehemu ya nidhamu, na anayeahidi kupunguza adhabu kwa malipo ya namna hiyo anatenda kosa la jinai. Aliyebakwa au kulawitiwa asioge kwanza. Afikishwe hospitali mapema, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72, na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ijazwe.

Ukiona uonevu, usimame kwanza kati ya anayeonewa na wanaoonea, utaje majina yao kwa sauti, kwani kundi linalotajwa mtu mmoja mmoja hulegea. Kisha andika kwenye daftari siku, saa, mahali, waliokuwapo na ulichokiona kwa macho yako, ukikitenga na ulichosimuliwa. Asubuhi kabla ya paredi nenda kwa mkubwa wako wa karibu na useme kwa ufupi: “Jambo afande. Naomba kuripoti tukio la jana usiku katika hanga letu.” Ikiwa mkubwa huyo ndiye anayelalamikiwa, omba kumwona anayemfuata kwa cheo, au mwone matroni au mganga wa zahanati.

Aliyeripoti asihamishwe hanga kana kwamba yeye ndiye mkosaji, ahamishwe aliyeonea. Kwa wiki chache zinazofuata, angalia anakula na nani, analala wapi, na kama ameanza kwenda chooni usiku akiwa ameongozana na mtu kwa hofu, kwani watu wa hanga wanaweza kumlipiza kisasi kwa kumsusa bila kumgusa hata kwa kidole, na hilo nalo liripotiwe.