Somo: Vyombo vya kuoteshea miche bila kuingia gharama

Mara ya kwanza nilipootesha nyanya kwenye vikombe vya mtindi nilitoboa kila kikombe tundu moja, katikati ya kitako, nikajaza udongo na kumwagilia asubuhi na jioni. Mbegu ziliota vizuri mno. Wiki ya pili shina likaanza kunywea pale linapokutana na udongo, kama limebanwa na uzi, na miche ikalala mmoja baada ya mwingine. Kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga. Nililaumu mbegu, nikalaumu udongo, hadi nilipogeuza kikombe kitupu na kukitazama vizuri: kitako chake kimebonyea kwa ndani. Tundu langu lilikuwa kwenye kilima, na maji yote yalikuwa yametuama pembeni, chini ya tundu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi mnaniuliza vyungu vya miche vya bei nafuu vinapatikana wapi. Vyombo vimejaa kila mahali, na vingi ni vya bure. Kazi iko kwenye kuchagua kinachofaa mzizi wa mche wako na kukitoboa inavyopasa.

Hatua ya 1: Anza na mzizi

Nyanya, pilipili, biringanya na kabichi zinataka chombo chenye kina cha sentimita 7 hadi 10, basi kikombe cha mtindi au kopo dogo linatosha. Saladi inaridhika hata na kina kidogo zaidi. Maboga, matango na maharage hayapendi kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo yapeni chombo kitakachoingia shimoni pamoja na mche, kama cha gazeti. Miche ya miti ndiyo yenye masharti: mzizi mkuu unashuka haraka, na ukigonga kitako unajikunja. Mti uliojikunja mzizi utotoni unaweza kubaki na kasoro hiyo miaka mingi. Tafuta kina cha sentimita 15 hadi 20. Pakiti ya maziwa ya lita moja, ile ndefu ya karatasi ngumu, ina kimo hicho hicho na ni nyembamba, hivyo haili udongo mwingi.

Trei za mayai za karatasi zinasifiwa sana kuliko zinavyostahili. Kijumba chake ni kifupi na kinakauka upesi. Zitumie kuotesha tu, kisha hamisha mche ukishatoa majani mawili ya kweli, yale yanayofuata vijani vya kwanza vya mbegu.

Hatua ya 2: Omba kwa wanaotupa

Nenda kwa mtu anayekitupa kitu hicho kila siku. Wanaouza chai na kahawa wana pakiti za maziwa. Waoka mikate na keki wana ndoo za plastiki. Wanaouza maua wana ndoo ndefu. Mafundi bustani ndio hazina kubwa kuliko wote: wakishapanda miti na maua kwa mteja wanabaki na rundo la vyungu vyeusi vitupu ambavyo ni mzigo kwao. Jirani anayehama nyumba naye usimsahau.

Omba kitu mahususi. Ukisema "nipe makopo yoyote" utaambiwa hayapo. Ukisema "naomba pakiti za maziwa, nitapita kila Ijumaa jioni, na mfuko wa kuwekea nimeleta", unapewa, na wiki inayofuata utakuta umeshawekewa. Cha muhimu ni kupita siku uliyoahidi, maana mtu akikuwekea mara mbili usitokee, atarudi kutupa.

Hatua ya 3: Kagua na kuosha

Kopo lililowahi kubeba dawa ya kuua wadudu au magugu, mafuta ya gari au kemikali isiyojulikana liache huko huko. Hata ukilisuuza mara kumi, usilitumie. Makopo ya rangi ya zamani nayo yaache, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Vyungu vilivyotumika vioshe kwa sabuni na brashi mpaka udongo wote utoke. Kisha viloweke dakika 10 au zaidi kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji, halafu visuuze na kuvianika juani. Usiichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote ya usafi, inatoa hewa ya sumu. Usiruke hatua hii kama chombo kimetoka kitaluni, maana vimelea vya kinyausi husafiri ndani ya udongo uliogandia humo.

Hatua ya 4: Toboa

Shika msumari kwa koleo, upashe moto hadi uwe mwekundu, kisha ubonyeze kwenye kitako cha kikombe kilichofunikwa kifudifudi. Unaingia bila kulazimishwa na kuacha tundu lenye ukingo laini. Plastiki ngumu inayopasuka kwa ncha baridi haipasuki hivi. Fanyia nje, simama upande upepo unakotoka, usivute ule moshi.

Kikombe kimoja kipe matundu manne yenye upana wa nusu sentimita, na yote yawe pembeni, pale kitako kinapogusa meza. Jaribu kabla ya kujaza udongo: mimina maji, hesabu mpaka kumi. Yakibaki maji ndani, ongeza tundu.

Chupa ya maji ikate nusu. Sehemu ya chini ni chungu, ya juu ni kifuniko cha kutunzia unyevu mpaka mbegu iote. Kwa kuwa inapitisha mwanga, ivishe gazeti au iweke ndani ya boksi, la sivyo udongo utaota ukijani ubavuni, na mizizi yenyewe haipendi mwanga.

Hatua ya 5: Chungu cha gazeti

Kata ukanda wa gazeti wa kawaida, lisilong'aa, upana sentimita 15 na urefu kama 50. Viringisha kwenye chupa nyembamba yenye kipenyo cha sentimita 5, ukiacha sentimita 5 zimening'inia kwenye kitako. Zikunje ndani zikilaliana, kisha gandamiza chupa mezani huku ukiizungusha. Chomoa chupa. Hakuna gundi. Vipange vikiwa vimebanana ndani ya kreti ili vishikane vyenyewe, jaza udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva, mwagilia taratibu.

Siku ya kuhamishia shambani fukia chungu chote, hata ukingo. Ukingo ukibaki juu ya ardhi unafyonza maji kutoka kwenye mizizi na kuyapeleka hewani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ahsante kwa somo. Mimi huweka kokoto chini ya chombo ili maji yatoke vizuri. Niendelee?*

Acha, ndugu yangu. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama juu yake, na unakuwa umeyasogeza karibu na mizizi. Ukiogopa udongo kumwagika, weka kipande cha gazeti juu ya matundu.

*Vyungu vyangu vya gazeti vimeota ukungu mweupe kwa nje. Miche itakufa?*

Mara nyingi ukungu huo unakula karatasi tu. Ila unakwambia kuna maji mengi na hewa kidogo. Achanisha vyungu, mwagilia asubuhi pekee. Miche ikianza kupauka na kuwa ya njano, jua kwamba karatasi ikioza inatumia naitrojeni ya udongo. Ipe maji ya samadi yaliyozimuliwa sana.

*Dada mwalimu, pakiti ya maziwa si karatasi? Mbona nilifukia na mche, nikaikuta nzima msimu uliofuata?*

Pole. Ina utando wa plastiki ndani, na nyingine ina foili pia. Haiozi. Ichane pembeni kwa kisu, utoe mche na udongo wake ukiwa mzima.

*Nahitaji miche mia tano. Kuokota vikombe mia tano nitaweza kweli?*

Kwa idadi hiyo nunua viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, mchange watu watatu au wanne mnunue kifurushi kikubwa. Au fanya bila chombo kabisa: udongo wenye mboji nyingi, ulowanishe mpaka ukikamua ngumi uchuruzike matone, ushindilie kwenye kikopo kisicho na kitako, kisha usukume utoke kama kitofali. Panga vitofali kwenye trei ukiachanisha kidogo. Mzizi ukifika ukingoni na kukutana na hewa unaacha kurefuka, haujizungushi. Vinataka uangalizi wa maji, vikikauka vinabomoka.

*Nimeenda kitaluni kuomba vyungu vikuukuu, wamenikatalia. Nifanyeje?*

Huenda wanavitumia tena. Waombe vilivyopasuka. Chungu chenye ufa ukikifunga kwa waya au kamba kinabeba mche mpaka siku ya kuuhamisha, na ufa wenyewe unakusaidia kuutoa. Nenda jioni wanapofagia, na ukipewa, wapelekee wewe mwenyewe vile usivyohitaji.